Tunatimiza Miaka 120, na Kamati Imegawanyika

BARUA

Kwako Mama Mshauri,

Mimi ni katibu wa kamati ya jubilei katika kanisa letu la Kianglikana huku Mombasa bara. Kanisa letu lilianzishwa na watu waliotoka Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru, na mwakani tunatimiza miaka 120. Nyanya yangu mzaa mama ni wa kizazi cha watu hao, na nadhani ndiyo sababu wazee walinichagua ingawa nina miaka 31 tu.

Kamati imegawanyika. Wazee wanataka mnara wa ukumbusho mbele ya kanisa, wenye bamba la marumaru na majina ya wamishonari na makasisi wote waliotutumikia. Harambee imeshapangwa. Vijana waliobaki wanasema mnara hauwasaidii kitu. Wanataka vyombo vya muziki na skrini, maana wenzao wengi wamehamia makanisa mapya ambako ibada imechangamka. Katika mkutano uliopita kijana mmoja alisema tunaabudu makaburi. Mzee mmoja akainuka, akachukua kofia yake, akatoka.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Mwezi uliopita binti mmoja aliyelelewa katika Shule yetu ya Jumapili alirudi kutoka Saudia, alikokwenda kufanya kazi za nyumbani. Alirudi bila kitu, na mkono wake wa kushoto una kovu la moto kuanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Alikuja ibada ya kwanza, akakaa benchi la mwisho, mkono ameufunika kwa leso. Hakuna aliyekwenda kumsalimia. Nilisikia mama wawili wakinong'ona kwamba huko walikokwenda hawafanyi kazi za nyumbani tu. Kabla ya baraka ya mwisho alikuwa ameshaondoka, na Jumapili iliyofuata hakuja.

Mimi ndiye ninayeandaa kijitabu cha historia yetu. Kila nikiandika jinsi mababu zetu walivyopokewa wakitoka utumwani, namkumbuka yule binti. Sijui niseme nini kwenye kamati. Je, urithi wetu ni nini hasa? Na kanisa kama letu lina wito gani kwa miaka inayokuja?

Katibu, Mombasa

JIBU

Mwanangu Katibu,

Nitakujibu moja kwa moja kwa sababu harambee yenu iko njiani na fedha zikishapangiwa kazi ni vigumu kuzirudisha. Urithi wa kanisa lililozaliwa na Frere Town ni kumpokea mtu aliyetoka mikononi mwa anayedai kummiliki, kumpa mahali pa kukaa na kazi ya kufanya, na kusimama naye anapofuatwa. Majengo, kengele na makaburi yalifuata baadaye. Kamati ikikubaliana juu ya hilo, mabishano ya mnara na skrini yatapata mahali pake. Isipokubaliana, mnaweza kujenga vyote viwili na jubilei ikapita bila kumgusa mtu.

Najua kijitabu chako kitaanza na mmishonari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Ni haki yake. Mtu aliyemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, kisha akabaki kuifanya kazi iliyomleta, anastahili ukurasa. Mwandike pia Johannes Rebmann, aliyekuja mwaka 1846 wakafungua kituo Rabai, akakaa huku karibu miaka 30 mpaka macho yakapofuka. Ila usiuruke ukurasa unaofuata. Mtu wa kwanza kubatizwa kule Rabai alikuwa Mringe, mwenyeji wa huko, mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Hakuwa na mali wala cheo, wala hakupata muda wa kukaa kwenye kamati yoyote. Kanisa la pwani lilianza na yeye. Jina lake liko kwenye orodha ya majina ya marumaru? Kama haliko, orodha hiyo haijakamilika.

Kisha njoo Frere Town yenyewe. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa shinikizo la Uingereza iliyokuwa imemtuma Sir Bartle Frere, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Manowari za Waingereza zilipoyakamata majahazi, watu waliokutwa ndani walihitaji pa kwenda. William Salter Price wa chama cha wamishonari cha CMS alifika mwishoni mwa 1874, na mwaka 1875 ardhi ikanunuliwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pakaitwa Frere Town. Wakaanza kuteremshwa pale watu kwa mamia, wengi wao watoto, waliotekwa mbali huko bara upande wa Ziwa Nyasa na kwingineko. Wengi hawakuwa na njia ya kurudi kwao, na baadhi walikuwa wadogo mno hata kukumbuka kwao ni wapi.

Ni nani waliowapokea na kuwafundisha? Kijitabu chako kikae hapa kwa muda mrefu. Pamoja na wamishonari walikuwapo Waafrika waliolelewa Nasik, India. Hao nao walikuwa wametekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini miaka ya nyuma, wakapelekwa India, wakasomeshwa na kufunzwa kazi za mikono. Waliporudi pwani walikuwa walimu, wahunzi, maseremala na wakalimani. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Aliyekuwa mtumwa jana ndiye aliyemshika mkono aliyeshushwa jahazini leo, kwa sababu alijua anachokiogopa.

Tena kuna hawa wa Rabai, ambao hadithi yao inakuhusu zaidi. Wale wa Frere Town waliletwa kwa meli na serikali yenye nguvu. Hawa walikuja kwa miguu yao, wakitoroka mashamba ya pwani. Mkataba wa 1873 ulizuia masoko na biashara ya baharini tu, kwa hiyo kummiliki mtu bara kulikuwa bado ni halali, na mwenye shamba aliweza kuja kumdai mtu wake. Kumpokea mtoro kulikuwa hatari, na wapo wamishonari waliosita. William Jones, aliyeiongoza Rabai kwa muda mrefu miaka hiyo, aliwapokea, wakajenga na kulima. Mbele zaidi, huko Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, watoro na Wakristo wenyeji walijijengea makao yao wenyewe. David Koi, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa na kuuawa mwaka 1883. Wakristo hao walikuwa wachanga katika imani, lakini walikuwa wameshaelewa lile agizo lililomo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, kwamba mtumwa aliyekukimbilia usimrudishe kwa bwana wake.

Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru, baada ya fidia kulipwa kwa waliodai kuwamiliki. Hesabu hiyo inakuonyesha jinsi mlango ulivyokuwa umeachwa wazi kwa miaka kabla sheria haijawafikia. Sheria yenyewe ya kufuta utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Kanisa lilitangulia serikali kwa kipindi chote hicho, na lililoliwezesha ni ujasiri wa watu maskini.

Nakusihi usiandike kijitabu cha kusifu tu. Katika miaka ya mwanzo ya 1880, watu walioachwa huru walichapwa viboko na kufungiwa pale pale Frere Town na wasimamizi wa misheni, mpaka malalamiko yakafika London na uchunguzi ukafanywa. Baadaye ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya watu hao ilianza kuuzwa, na wajukuu wao wengi wakajikuta hawana hati ya mahali walipozaliwa. Nyanya yako huenda analijua jambo hili kuliko kitabu chochote. Liandike kwa heshima na bila kuficha. Waumini wakisoma kwamba hata mkono uliookoa uliwahi kupiga, watajilinda na dhambi ya kuwadharau wale wanaowasaidia.

Jingine la kuangaliwa ni majirani. Wengi waliomiliki watumwa pwani walikuwa Waislamu, Waarabu na Waswahili, na hilo halifutiki. Lakini ni kweli vilevile kwamba mataifa ya Kikristo ya Ulaya yalinunua na kuuza watu kwa karne nyingi, na kwamba mashamba ya miwa ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi yalijazwa watu kutoka pwani hii. Leo wajukuu wa pande zote wanapanda matatu moja, wanaoana na kuzikana. Jubilei ya Mombasa isiyowaalika majirani Waislamu itakuwa imeisoma historia nusu. Waalikeni, tena mkiwa bado katika mipango, maana mabinti zao pia wanakwenda Ghuba na wanarudi vilevile.

Sasa tumrudie huyo binti.

Sisemi kila aendaye Ghuba ni mtumwa. Wapo waliopata waajiri wema, wakajenga kwao na kusomesha wadogo zao. Lakini chini ya mfumo wa kafala mfanyakazi wa nyumbani hufungwa kwa mwajiri mmoja, na wengi hunyang'anywa pasipoti na simu, wakafanyishwa kazi bila siku ya kupumzika, mshahara ukazuiwa. Akitoroka, yeye ndiye anayehesabiwa mkosaji. Mtu wa Rabai wa mwaka 1885 angeisikiliza habari hii na asingehitaji kufafanuliwa. Katika kanisa lililojengwa na watoro, binti huyo alipaswa kuwa wa kwanza kusalimiwa.

Kwa hiyo nenda kwake wiki hii. Usisubiri azimio la kamati. Mchukue mama mmoja mwenye moyo na mdomo uliotulia, mwende nyumbani kwao mkamwamkie, mkae. Msiende na fomu, wala msimwombe atoe ushuhuda siku ya jubilei, wala msimpige picha. Msikilizeni kwa kadiri atakavyotaka kusema. Kama anahitaji hospitali kwa ajili ya ule mkono, mpelekeni. Kama bado anadai mshahara au anataka kumshtaki wakala aliyemsafirisha, msaidieni kukusanya karatasi zake, muulize katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala huyo amesajiliwa, na mmpatie mwanasheria. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2010, na mtu aliyedanganywa ana haki ya kulindwa. Kuhusu wale mama wawili, mwombe vika azungumze nao faraghani. Wakiaibishwa mbele ya watu watanyamaza, lakini hawatabadilika.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye kamati. Nakupa mambo manne ya kuyapendekeza.

La kwanza, anzisheni meza ya wasafiri. Kila Jumapili baada ya ibada, vijana wawili na mzee mmoja wakae chini ya mwembe au kwenye ukumbi, wapokee yeyote anayepanga kwenda ng'ambo kufanya kazi, awe muumini au jirani. Watunze nakala ya pasipoti, ya mkataba na ya tiketi, jina la wakala na namba ya simu ya nyumbani. Kisha kila msafiri apewe mtu mmoja wa kumpigia kila wiki. Simu ikikatika majuma mawili, kanisa lianze kuuliza. Kazi hii inahitaji daftari, kabati lenye kufuli na kadi za simu, kwa hiyo hakuna atakayesema hamna uwezo. Vijana wenu waliosema mnara hauwasaidii kitu ndio wanaojua matangazo ya mawakala yanapita katika makundi gani ya WhatsApp. Wanajua habari za wavulana walioahidiwa kazi za kompyuta Thailand wakaishia kufungiwa Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wapeni kazi inayowahitaji. Vyombo vya muziki si dhambi, na nyimbo za furaha ni haki ya kanisa, lakini kijana haondoki kwa ajili ya gitaa tu. Huondoka mahali ambapo hakuna anayemtegemea kwa lolote.

La pili, kusanyeni kumbukumbu mwaka huu huu, kabla wenye kumbukumbu hawajaondoka. Anza na nyanya yako. Mrekodi kwa simu akisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, umwulize majina ya waliokuwapo, nyimbo, mashamba, chakula cha Krismasi, nani alimfundisha kusoma. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kisha vihifadhiwe pasipo mchwa wala unyevu. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, alifanya kazi ya namna hii alipoandika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Bila yeye tungebaki na ripoti za wamishonari peke yake. Wapelekeni watoto wa kipaimara Rabai, kwenye makumbusho yaliyomo katika jengo la kanisa la zamani, kisha muwapitishe Kengeleni, penye kengele ya Frere Town. Waelezeni kwamba kengele ile inakumbukwa kwa kuwatahadharisha watu wakati hatari ya kutekwa ilipokaribia. Waulizeni nani anawatahadharisha wenzao sasa.

La tatu, rudisheni mafundisho. Chuo cha makasisi kilichoanzia Frere Town mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Watu waliotoka utumwani walithamini elimu ya Neno kuliko mapambo. Tazama yaliyotukuta mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, saa chache kutoka kwenu kwa gari, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watoto kwa watu wazima, wengi wakiaminiwa kuwa walifundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Waliokwenda kule walikuwa na kiu ya Mungu. Kila parishi ya pwani yapasa ijiulize kama kiu hiyo inapata maji safi kwake. Fungueni darasa la Biblia la katikati ya wiki ambalo mtu anaruhusiwa kuuliza na kubisha. Pia pawe na mtu ambaye kazi yake ni kujua nani hajaonekana wiki tatu mfululizo, na kwenda kubisha hodi. Yule binti alikosa ibada ukajua wewe peke yako. Katika kanisa lenye umri wa miaka 120 jambo hilo lilipaswa kujulikana na wengi.

La nne ni mnara wenyewe. Usiwapinge wazee kwa ukali. Mzee aliyechukua kofia yake akatoka ametoa sadaka humo tangu hujazaliwa, na kinachomwuma ni hofu kwamba atakufa na asikumbukwe na mtu. Mwendee nyumbani, mwamkie, umweleze kwamba unataka ukumbusho uwepo. Mkumbushe Yoshua alivyowaagiza Waisraeli kutoa mawe 12 mtoni Yordani, ili watoto waulize maana yake na baba zao wapate la kujibu. Jiwe linataka mtu wa kulieleza. Pendekeza liwe jiwe dogo la matumbawe ya hapa pwani, lenye majina ya Mringe, David Koi, Jones na Semler pamoja na ya wamishonari na makasisi, na nafasi ya wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kitakachobaki katika harambee kigawanywe: paa kama linavuja, kisha meza ya wasafiri, kisha kumbukumbu. Vyombo vya muziki vichangiwe na wanaovitaka, na wazee watoe mchango wa kwanza, ili vijana waone wanapendwa.

Umeniuliza pia kanisa kama lenu lina wito gani. Watu wanapolia kwamba makanisa ya zamani yamekwisha, huwa wanahesabu viti. Mimi nahesabu watu wanaohitaji pa kukimbilia, nao hawajapungua. Wamo maskani wakijidunga unga, wamo katika nyumba za watu wakipigwa, wamo Riyadh na Doha wakisubiri usiku wapate kutuma ujumbe kwa simu ya kuazima. Mungu aliliweka kanisa lenu pwani hii kwa ajili ya watu wa namna hiyo tangu mwanzo, na hajalibadilishia kazi. Makanisa mapya yenye muziki mzuri hayana kumbukumbu mliyo nayo ya watu waliokuwa mali ya wengine wakawa walimu na makasisi. Kumbukumbu hiyo mkiitumia, binti aliyerudi na kovu ataambiwa na watu wanaojua wanachosema kwamba maisha yake hayajaishia pale.

Siku ya mkutano usitoe hotuba ndefu. Soma kurasa mbili za kijitabu chako juu ya Rabai, kisha toa hoja moja: kwamba jubilei ya miaka 120 izindue huduma ya kupokea na kulinda watu wanaosafirishwa na kunyanyaswa, na kwamba mambo mengine yote ya sherehe yapangwe baada ya huduma hiyo kupata fedha na watu. Omba hoja ipigiwe kura na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wewe ndiye katibu, kalamu iko mkononi mwako. Wakikubali, mwanze mwezi huo huo bila kungoja siku ya sherehe. Wakikataa, anza na wale wachache walio tayari, kwa sababu hata pale Rabai hawakungoja wote wakubali.

Bwana akutie nguvu.

Mama Mshauri